Natafuta mtu wa kushika hela

Nilipanga wiki hii niandike juu ya senene. Msimu umeanza, Bukoba nzima inanukia kikaango, na kule Kashai watu wanakesha na mataa na mabati utadhani wana harusi. Lakini senene watasubiri. Kuna jambo limenishughulisha mwezi mzima, limenipeleka Muleba mara nne kwa nauli yangu mwenyewe, na nadhani wengi wenu mnaonunua na kuuza viwanja huku mkiwa Dar, Mwanza au ughaibuni litawahusu.

Ni hivi. Nina jamaa yangu, tulisoma naye shule ya msingi. Mimi nikaenda chuo kikuu, yeye akaingia kwenye udalali. Ukitupima kwa mifuko, sina hakika nani alisoma. Siku moja kaja ofisini na simu mkononi, kanionyesha video za vijana wa Kimarekani. Wale vijana hawana mtaji. Wanatafuta mwenye nyumba anayetaka kuuza haraka, wanakubaliana bei, halafu wanatafuta mnunuzi wa bei ya juu zaidi. Siku ya siku wanafunga mauzo mawili kwa mpigo: asubuhi mwenye nyumba anamwuzia kijana, mchana kijana anamwuzia mnunuzi. Tofauti ya bei inabaki kwa kijana. Kwetu sisi hiyo tofauti ina jina lake tangu zamani: cha juu.

"Sasa kaka," akaniambia, "wenzetu wana kampuni ya kushika hela katikati. Inaitwa eskro. Wewe mwandishi unafahamiana na watu. Nitafutie kampuni ya eskro hapa Bukoba."

Nikamwuliza mali yenyewe iko wapi. Akasema Muleba, upande wa Kamachumu. Nikamwuliza ya nani. Akacheka kidogo, akaangalia chini. Ya shangazi yangu.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika habari niliyokuwa naandika.

Shangazi alirithi kipande cha kibanja kutoka kwa babu. Ni nusu ya upande wa barabarani, hakuna kaburi hata moja, migomba imechoka. Mtoto wake wa mwisho kachaguliwa chuo, na mkopo wa Bodi kapata sehemu tu ya alichoomba. Shangazi akaamua kuuza. Jamaa akamwahidi milioni 6, naye akakubali. Wakati huohuo jamaa alikuwa na mnunuzi Mwanza aliyekubali kutoa milioni 9 na nusu. Cha juu: milioni 3 na nusu. Mnunuzi hamjui shangazi, shangazi hamjui mnunuzi, na jamaa hana hata laki tano ya kwake. Kwa hiyo anahitaji mtu wa tatu apokee milioni 9 na nusu, amlipe shangazi 6, ambakizie yeye 3 na nusu, kila mtu aende kwake bila kuulizana.

Kabla hamjamrukia, msikilizeni. Alinieleza hivi: "Mama kataja bei mwenyewe, sikumlazimisha. Mwaka mzima natembea na bodaboda za kukopa, napiga simu, naonyesha watu mashamba, tisa kati ya kumi wananipotezea muda. Duka likinunua sukari kwa bei moja na kuuza kwa nyingine, kuna anayeliita jizi?" Kwa kweli hoja ile ilinichukua siku mbili kuitafuna.

Nikamwambia nitatafuta. Ila nikampa sharti moja: mimi sitakaa na siri ya bei mbele ya shangazi yangu. Akaomba muda azungumze naye mwenyewe. Nikampa hadi nitakapomaliza kutafuta.

Sasa basi, tuanze na neno lenyewe. Ukimwambia Mtanzania "eskro", hafikirii nyumba. Anafikiria Tegeta. Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha pili, na hata sisi watoto tulilijua neno hilo kabla ya kujua maana yake. Kwa wasiokumbuka: TANESCO na kampuni ya IPTL walikuwa na mgogoro wa gharama za umeme. Kuanzia 2006 ikawepo akaunti Benki Kuu ya kuweka fedha zinazogombaniwa, zikae hadi mgogoro uishe. Mwishoni mwa 2013 fedha zikatolewa. Novemba 2014 Bunge likawaka moto juu ya zaidi ya shilingi bilioni 300. Desemba Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, akajiuzulu. Mwezi huohuo Rais Kikwete akamwondoa Profesa Anna Tibaijuka, kwa sababu ya bilioni 1.6 alizopokea kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa na hisa IPTL. Yeye mwenyewe alisema ulikuwa mchango wa shule.

Na Profesa Tibaijuka alikuwa nani? Waziri wa Ardhi. Mbunge wa wapi? Muleba Kusini. Kwa hiyo nilipokwenda Muleba kuulizia eskro ya kiwanja, mzee mmoja pale stendi alicheka mpaka akakohoa.

Lakini lile sakata lina somo kwa muuza kibanja. Zile fedha hazikuwa chini ya godoro la mtu. Zilikuwa Benki Kuu, mahali penye kufuli nene kuliko pote nchini. Ugomvi ukawa: je, mgogoro ulikuwa umeisha zilipotolewa, na zilikuwa za nani? Kwa hiyo usiulize tu nani atashika hela. Uliza ataiachia lini, kwa ushahidi gani, na nani ana haki ya kusema "subiri".

Nikiwa na swali hilo nikaanza kuzunguka mjini.

Nilianzia benki. Dada wa dirishani alidhani nataka kufungua akaunti ya watoto. Alipoelewa akanipeleka kwa mkubwa wake. Yule bwana alikuwa muungwana. Akasema huduma hiyo benki inaweza kuifanya: unaletwa mkataba wa pande tatu, fedha zinawekwa kwenye akaunti maalumu, hazitoki hadi masharti yatimie. Ila akanitazama na kuniuliza ni biashara ya kiasi gani. Nilipotaja milioni 9 na nusu akatabasamu. Akasema kwa kiasi hicho gharama na makaratasi vitatuchosha, niende kwa wakili.

Wazo la mitandao ya simu nalo lilinijia. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inataka fedha za wateja wa pesa za simu zihifadhiwe benki kwenye akaunti ya amana, mbali na fedha za kampuni. Yaani kila mwenye elfu kumi kwenye simu tayari anatumia aina ya eskro bila kujua. Lakini ile inalinda salio lako tu. Ukishabonyeza namba ya siri, hela imekwenda, haijui kama kiwanja kipo au hakipo. Ndiyo maana wale wa "tuma kwa namba hii, na ya kutolea" wanaipenda sana.

Kampuni ya eskro kama zile za kwenye video sikuipata Bukoba. Na hata huko Marekani nikagundua mambo si mepesi kama jamaa alivyosimuliwa. Majimbo mengine kazi hiyo inafanywa na kampuni za eskro, mengine na kampuni zinazochunguza hati, mengine na wanasheria. Na nyingi kati yao hazitaki hela ya mnunuzi wa mwisho itumike kumlipa mwenye nyumba wa kwanza. Zinamtaka mtu wa kati alete fedha zake kwanza, ndiyo maana kuna wakopeshaji wa siku moja tu. Kwa hiyo na wao wanahangaika kutafuta kampuni inayokubali, kama jamaa yangu na mimi.

Nikaenda kwa wakili. Ofisi yake iko ghorofani, ngazi nyembamba, mafaili hadi dirishani. Nikamweleza yote bila kutaja majina. Akaniuliza, "Hiyo 'kuuza mara mbili' unaijua inaitwaje huku kwetu?" Nikanyamaza. "Kesi," akasema.

Akafafanua. Wakili anaweza kushika fedha za watu. Kanuni za kazi yao zinamtaka azitenganishe na fedha zake, zikae kwenye akaunti ya wateja. Hiyo ndiyo eskro yetu ya kila siku. Ila tatizo langu, akasema, si la kushika hela. Tatizo ni kwamba jamaa anataka mauzo mawili ya siku moja kwenye ardhi ya kijiji, na hilo haliwezekani.

Kwanza, kibali. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Mtu wa nje hanunui kama anavyonunua kuku, Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1985, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Nyagwaswa na Nyirabu ilisema mauzo ya ardhi ya kijiji bila ridhaa hiyo hayana nguvu. Sasa jamaa anunue, halmashauri ikae. Auze mchana, halmashauri ikae tena? Halmashauri ya kijiji haikai asubuhi na mchana kama zahanati.

Pili, kodi. Mauzo mawili ni makaratasi mawili na ushuru wa stempu mara mbili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 iliacha nje ya kodi ya faida shamba la mtu binafsi lenye thamani chini ya shilingi milioni 10, kama limetumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho. Shangazi kalima pale miaka ishirini. Jamaa hajapanda pale hata mhogo. Faida yake isingejificha chini ya mwavuli wa shangazi.

Tatu, ukoo. Hapa wakili alivua miwani. "Wewe ni nani kwa huyo mwenye shamba?" Nikasema ni mpwa wake. Akacheka. "Basi wewe ndiye wa kuogopwa."

Waliosoma sheria wanaijua kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Imefundishwa mpaka nje ya nchi, lakini ilianzia hapahapa Muleba, Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Mama huyo alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani: kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubali, ikafuta mauzo, ikamwamuru mama arudishe hela. Mahakama ya Wilaya ikapindua. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ikasema ubaguzi ule unapingana na Katiba, na mwanamke ana haki ileile ya kuuza aliyonayo mwanamume. Lakini jaji hakuufukuza ukoo kabisa. Ndugu akitaka kulikomboa shamba, alipe 300,000 ndani ya miezi sita. Akishindwa, shamba ni la mnunuzi.

Fikiria sasa. Tangu 1988 hadi 1990 hela ya yule mnunuzi ilikuwa wapi? Ilishapokelewa. Shamba lake liko mahakamani, hela yake iko kwa mwingine, na kama ingetakiwa irudi, irudi kutoka wapi? Hapa ndipo nilipoelewa eskro ya Kihaya inatakiwa ishike nini. Wamarekani wanasubiri hati isafishwe. Sisi tunasubiri ukoo useme ndiyo, majirani waoneshe mipaka, kijiji kigonge muhuri. Wahaya tunapanda omulamula mpakani mwa vibanja. Neno lenyewe ni ndugu wa kulamula, yaani kuamua ugomvi. Haumilikiwi na huyu wala yule, ila wote wawili wanaufahamu ulipo. Mshika hela anatakiwa awe vilevile. Akiwa mtu wa dalali, basi huyo ni mfuko wa dalali wenye zipu tu.

Na dalali alitaka nini hasa? Nilirudi nikamwambia. Kama ni usalama wa hela tu, wakili yupo. Lakini wewe unataka wakili ashike hela pamoja na siri, na siri haifunguliwi akaunti.

Alikasirika. Siku tatu hakupokea simu zangu. Ya nne akanipigia: "Twende kwa mama."

Tulimkuta Shangazi anamenya ndizi. Nikamwamkia, tukapewa kahawa ya kutafuna kama wageni. Jamaa akaanza kuzunguka, mara bei ya soko, mara uchumi. Shangazi akamkatisha, hakuacha kumenya. "Baba, sema. Umeuza ngapi?"

"Tisa na nusu, mama."

Kisu kilisimama. Akahesabu kimyakimya, midomo inacheza. Akasema, "Milioni tatu na nusu ni mwaka na nusu wa mwanangu chuoni." Hakupiga kelele. Jamaa akakaa kimya. Mimi nilikuwa naangalia mgomba.

Halafu shangazi akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Lakini mimi huyo mtu wa Mwanza nisingempata." Akamwuliza jamaa alichotumia, akataka aseme moja moja: nauli, simu, siku. Waligombana kwa adabu karibu saa nzima. Wakaishia hapa: shangazi milioni 8, jamaa 1 na nusu, na jamaa aandikwe kwenye mkataba kwamba ni dalali, analipwa kiasi hicho, na mnunuzi alione. Mauzo moja. Cha juu kimegeuka ujira.

Mnunuzi wa Mwanza alipoelezwa alifurahi kuliko sisi sote. Kumbe alikuwa na wasiwasi kwa nini dalali hataki kumkutanisha na mwenye mali.

Wakili akaandika mkataba. Fedha zote akaunti ya wateja. Zitaachiwa kwa mambo manne: muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji wenye muhuri, sahihi za wanaukoo waliotajwa kwa majina, mipaka kuoneshwa mbele ya majirani wote, na nakala ya karatasi iliyosainiwa kwa mnunuzi. Kama siku 30 zitapita bila manne hayo, hela inarudi Mwanza. Shangazi alipewa kishika uchumba cha laki tano tu, na mnunuzi alijua kwamba hicho ndicho pekee kilicho hatarini.

Alipoambiwa hela italala kwa wakili mwezi mzima, Shangazi aliuliza, "Ikikaa kwake, anailisha nini?" Wakili mwenyewe alicheka, akaandika kwamba haitazaa wala haitapungua.

Haikuwa laini. Baba mkubwa mmoja alitoka Karagwe akisema shamba la baba yake halitoki kwenye ukoo. Wakili hakubishana naye. Akamwambia haki yako ipo: una wiki mbili, leta milioni 9 na nusu, shamba litabaki kwenye ukoo na huyu bwana wa Mwanza atarudishiwa zake. Baba mkubwa aliomba nakala ya mkataba, akaenda nayo. Wiki mbili zikaisha. Akaja kusaini, na akala chakula kizuri.

Hapa ndipo nilipoona kazi ya ile akaunti. Kama Shangazi angeshakuwa na hela, nusu ingekuwa imeshalipwa ada, na baba mkubwa angekuwa anagombana na mama asiye na cha kurudisha. Kwa kuwa hela ilikuwa haijaguswa, ugomvi ulikuwa na mlango wa kutokea.

Siku ya 19 masharti yote yalitimia. Siku ya 20 Shangazi alipata ujumbe wa benki, akanitumia ili nimhesabie sifuri.

Kwa hiyo ndugu zangu, kama na wewe unatafuta mtu wa kushika hela ya ardhi, haya ndiyo niliyoyapata kwa nauli ya Hiace. Mshikaji awe wakili anayeruhusiwa kufanya kazi mwaka huo, na fedha ziingie akaunti ya wateja, si namba yake ya simu. Masharti ya kuachia yaandikwe kwa vitu vinavyoonekana: muhuri, sahihi, tarehe. Neno "mambo yakikamilika" ni mtego. Mwenza wa ndoa asisahaulike, maana nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake. Siku ya kurudisha hela iandikwe. Na bei iwe moja, dalali aandikwe.

Jamaa bado ni dalali na bado ni rafiki yangu. Juzi kanipigia tena, kuna mzee Muhutwe anauza ekari. Nikamwuliza bei. Akanitajia zote mbili.

Wikiendi njema. Senene wiki ijayo, Mungu akipenda.